Wasomaji Wauliza: Nani Ameishika Njia ya Intaneti Hadi Mlangoni?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu intaneti ya nyumbani: bei yake, kasi yake, na kampuni zinazoigombania, nyingine kwa nyaya, nyingine kwa minara na nyingine kwa setilaiti. Tumezifupisha zile tulizochagua, lakini hoja za waandishi tumeziacha kama zilivyo.

Mhariri, salamu. Mimi ni mpangaji katika jengo la orofa sita huku Ruaka, Kaunti ya Kiambu. Keateka, yaani mtunza jengo, ametueleza kwamba mwenye nyumba amekubaliana na kampuni moja tu ya intaneti, na fundi wa kampuni nyingine yoyote haruhusiwi kupita getini. Kila jioni kasi hushuka hadi masomo ya mtoto kwa video hukatika. Jengo la jirani lina kampuni mbili, na wapangaji wake wanalipa kidogo kuliko sisi. Je, hii ni haki?
*Mpangaji, Ruaka*

Ndugu mpangaji, nianze na hilo la jioni, kwa sababu ndilo linaloeleza mengine. Ukipanda ngazi za jengo lenu huenda ukakuta kisanduku cha plastiki kilichofungwa ukutani, mara nyingi karibu na mita za umeme. Ndani yake huingia uzi wa kioo mwembamba kama unywele unaotoka katika kituo cha kampuni, pamoja na kifaa kidogo kisichotumia umeme ambacho kazi yake ni kuugawa mwanga wa uzi huo kwa nyumba 32, na wakati mwingine 64. Katika mfumo wa faiba uliozoeleka zaidi, uzi mmoja hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuja kwenu, na nusu ya kiasi hicho kurudi. Uwezo huo unatosha jengo zima. Kwa hiyo kasi inaposhuka saa mbili usiku, mara nyingi tatizo liko mbele zaidi, pale kampuni inaponunua uwezo wa kuunganishwa na dunia na kuuza uwezo ule ule kwa wateja wengi, ikitarajia kwamba hawataketi wote mbele ya televisheni kwa wakati mmoja. Kampuni zote hufanya hivyo, na hakuna ambayo ingeweza kuuza kwa bei ya sasa bila kufanya hivyo. Zinachotofautiana ni kiwango. Kampuni isiyo na mshindani ndani ya geti haina haraka ya kuongeza uwezo, kwa kuwa mteja aliyekasirika hana pa kwenda.

Kabla ya kulalamika, pima. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, ili usije ukalaumu kampuni kwa udhaifu wa Wi-Fi ya chumbani, kisha pima kasi alfajiri na upime tena saa mbili usiku, kwa siku kadhaa mfululizo, ukihifadhi picha za matokeo. Itazame pia taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa chako cha faiba: ikiwaka nyekundu, mwanga haukufikii kabisa, na hapo kuna uzi uliokatika au kukunjwa vibaya. Msongamano wa jioni hauwashi taa hiyo. Fundi atakapokuja na kukwambia kwamba kila kitu kiko sawa, utakuwa na la kumwonyesha.

Sasa tuje kwa mwenye nyumba. Katika gharama ya kupeleka faiba hadi nyumbani, kioo chenyewe ni sehemu ndogo. Fedha nyingi humezwa na kuchimba mitaro, kukodi nguzo, kulipia vibali na kuwalipa mafundi. Gharama ya kufika getini penu ni karibu ile ile, wajiunge wapangaji watano au hamsini. Ndiyo maana kampuni ya kwanza kufika hutaka jengo zima, na pengine humpa mwenye nyumba fungu fulani kwa kila mpangaji anayejiunga, naye mwenye nyumba hufurahi kwamba kuta zake hazitatobolewa na mafundi wa kila kampuni. Simlaumu mtu kwa kutunza kuta zake. Hata hivyo, bomba moja la kupitishia nyaya, linalotoka chini hadi orofa ya juu na kuachwa wazi kwa kampuni yoyote, hulinda kuta vizuri zaidi kuliko geti lililofungwa, tena ni rahisi kuliweka jengo linapojengwa.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza makubaliano yanayozuia au kupunguza ushindani, na ni Mamlaka ya Ushindani itakayosema kama mpango wa jengo lenu unaangukia humo. Anzeni kwa kuiandikia kampuni yenyewe na kutunza namba ya malalamiko. Msiporidhika, pelekeni malalamiko hayo kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Andikeni kama wapangaji wa jengo zima, kwa maana barua ya mtu mmoja hujibiwa kwa kuelekezwa azime ruta na kuiwasha tena.

Niongeze jambo moja la nje ya geti. Nyaya nyingi za faiba katika miji ya Kenya hupita juu ya nguzo za Kenya Power, ambayo huzitoza kampuni za intaneti kodi ya nguzo, na serikali za kaunti nazo zinadai ada kwa kila anayepitisha nyaya katika ardhi ya barabara zao. Mnamo Februari 2025 Kenya Power ilikata umeme wa ofisi za Kaunti ya Nairobi kwa sababu ya deni, na magari ya kaunti yakamwaga taka mbele ya makao makuu ya kampuni hiyo, Stima Plaza. Watu walizungumza sana juu ya zile taka. Wachache walitaja kwamba miongoni mwa madai ya kaunti yalikuwamo malipo ya njia za kupitishia nyaya na nguzo. Ugomvi huo unamhusu mpangaji wa Ruaka moja kwa moja: kila ada inayoongezwa juu ya nguzo na mitaro humwangukia mwishowe mlipaji wa intaneti, na kila kibali kinachochelewa humlinda yule aliyetangulia kufika.

Mikongo ya baharini inatua hapa kwetu Mombasa. Mbona basi hatupati intaneti kwa bei nafuu kuliko watu wa bara, na mbona hukatika?
*Msomaji, Nyali*

Bei yako hutengenezwa katika kilomita za mwisho, na kilomita hizo ni ghali Nyali kama zilivyo ghali Nakuru. Mikongo ya TEAMS na SEACOM ilipofika mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, bei ya jumla ya kuunganishwa na dunia ilianguka sana, kwani kabla ya hapo tulitegemea setilaiti za mbali zilizokuwa ghali na za polepole. Leo sehemu ya bahari katika malipo yako ni ndogo. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 juu ya huduma za intaneti, ambao ulikuwa asilimia 20 hadi katikati ya mwaka 2023, pamoja na VAT ya asilimia 16, unauhisi mfukoni zaidi kuliko mkongo wenyewe.

Kuhusu kukatika, mwaka 2024 ulitufundisha vya kutosha. Mwezi Februari mikongo mitatu, SEACOM ukiwamo, ilikatika katika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwulize anayekuuzia intaneti ananunua njia ngapi na zinaelekea wapi. Kampuni inayotegemea njia moja itakuuzia kwa bei ya chini, na ni haki yako kulijua hilo kabla ya kulipa.

Mhariri, nimefunga dishi la Starlink kwenye duka langu hapa Lodwar, na kwa mara ya kwanza ninafanya biashara bila kumngojea mtu. Lakini rafiki zangu wa Nairobi wananiambia kwamba ninaiua kampuni ya nyumbani ili kumtajirisha mgeni. Ninakosea?
*Mfanyabiashara, Lodwar*

Hukosei, na ni vyema nikueleze kwa kirefu, kwa sababu hoja ya rafiki zako ilifika hadi kwa mdhibiti.

Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti kutoka Marekani, ilifunguliwa Kenya mwezi Julai 2023. Mwanzoni haikumtisha mtu, maana vifaa vyake vilikuwa ghali. Mwaka 2024 mambo yakabadilika: bei ya vifaa ilishushwa, mteja akaruhusiwa kuvikodi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi badala ya kuvinunua, na pembeni mwa huduma ya kawaida ya shilingi 6,500 kikaja kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Mwezi Julai mwaka huo Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikiomba kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, na badala yake zilazimishwe kufanya kazi kupitia kampuni zilizokwisha kujenga mitandao nchini. Ilitaja hatari ya kuingiliana kwa mawimbi, miunganisho isiyo halali na usalama. Rais William Ruto alitetea hadharani ujio wa mshindani huyo. Mwezi Septemba Safaricom ikaongeza kasi ya faiba ya nyumbani bila kupandisha bei, na kifurushi chake cha chini cha shilingi 2,999 kikatoka megabiti 10 hadi 15.

Tazama mpangilio wa matukio hayo. Wateja wa faiba wa Nairobi walipata nyongeza waliyoingojea muda mrefu, na wengi wao hawakuwahi kuligusa dishi. Wewe wa Lodwar na wenzako ndio mliowasaidia. Tena idadi yenu ilikuwa ndogo: mwishoni mwa mwaka 2024 wateja wa Starlink walikuwa kama 19,000, katika nchi yenye miunganisho ya intaneti ya majumbani na ofisini zaidi ya milioni 1.5. Mimi huamini kwamba mshindani mdogo anayeaminika kuwa anaweza kukua ana nguvu sokoni kuliko kanuni nyingi za bei, na ndiyo sababu niliiona barua ile ya Julai kuwa ombi la kumfungia njia, hata kama baadhi ya hoja zake za kiufundi zinastahili kujibiwa.

Neno «kampuni ya nyumbani» nalo linataka uangalifu. Kwa miaka mingi Serikali ya Kenya imekuwa na asilimia 35 ya hisa za Safaricom, asilimia 40 zikiwa chini ya kundi la Vodacom na Vodafone, na zilizobaki mikononi mwa wawekezaji wengine katika soko la hisa; mwishoni mwa mwaka 2025 Serikali ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 kutoka fungu lake. Serikali hiyo hiyo hutoza ushuru juu ya huduma, hupokea gawio, na huteua wanaomsimamia mdhibiti. Mtu aliyekaa katika viti vyote hivyo hawezi kuwa mwamuzi asiye na upande, na raia wana haki ya kudai kwamba uamuzi wowote kuhusu leseni za setilaiti utolewe wazi pamoja na sababu zake.

Kwa upande wa pili, setilaiti haiwezi kuchukua nafasi ya faiba mjini, na hilo limekwisha kuonekana. Setilaiti za Starlink huruka takriban kilomita 550 juu yetu, karibu sana ukilinganisha na kilomita 35,786 za zile za zamani, na ndiyo maana mazungumzo ya video hayachelewi tena. Lakini kila eneo la ardhi lina kiasi chake cha uwezo kinachogawanywa kwa wote walio ndani yake. Novemba 2024 kampuni hiyo iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa, na walingoja hadi katikati ya mwaka uliofuata. Mahali penye watu wengi, faiba hushinda. Mahali ambapo nyumba ziko mbalimbali, kila kilomita ya mtaro hulipiwa na wateja wachache, na setilaiti hushinda. Lodwar mjini pako katikati ya hali hizo mbili, kwa hiyo usishangae faiba ikifika na kukupa zaidi kwa fedha zile zile.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Bei ya huduma yako na uamuzi wa kuiwasha au kuizima viko nje ya nchi, na fundi wa Lodwar hapati kazi ya kudumu kutokana na dishi linalojielekeza lenyewe angani. Kwa hiyo ningesikitika sana kama ujio wa setilaiti ungekuwa kisingizio cha kuacha kuupeleka mkongo wa taifa, NOFBI, hadi mahali ulipokuwa umeahidiwa. Na kama duka lako linatumia umeme wa jua, kumbuka kwamba dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100 muda wote linapofanya kazi, ilhali lile dogo hula wati 25 hadi 40. Tofauti hiyo ni betri nzima usiku.

Jambo sana Mhariri. Mimi ni mama kutoka Bukavu, sasa tunaishi Columbus, Ohio. Tulikuwa tunapata msaada wa dola 30 kwa mwezi kwa intaneti, ukaisha. Na hapa mtaani kampuni ya kebo ni moja tu. Katika nchi tajiri namna hii, ni kwa nini?
*Mama wa watoto wanne, Columbus*

Mama, msaada huo uliitwa Affordable Connectivity Program. Ulifikia familia takriban milioni 23, na ulikoma tarehe 1 Juni 2024 kwa sababu fedha zake ziliisha na Bunge la Marekani halikuidhinisha nyingine. Kampuni zilipokea fedha hizo kwa mikono miwili, lakini mfumo wenyewe haukujenga njia hata moja mpya ya kufika mlangoni kwako. Ulilipia ile iliyokuwapo kwa bei iliyokuwapo.

Kampuni ya kebo mnayoiona ni urithi wa televisheni. Nyaya zake zilitandazwa miongo mingi iliyopita chini ya vibali vya miji, na intaneti ilipokuja zikageuzwa matumizi kwa gharama ndogo. Mshindani wake alikuwa kampuni ya simu yenye waya wa shaba, ambao kasi yake hufifia kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo. Shaba iliposhindwa, kebo ikabaki peke yake katika mitaa mingi. Mji wa Chattanooga, Tennessee, ulichukua njia nyingine: shirika lake la umeme, EPB, lilijenga faiba lenyewe, na mwaka 2010 likaanza kuuza kasi ya gigabiti moja kwa wakazi wote wa eneo lake, baada ya kushtakiwa na kampuni ya kebo iliyotaka kulizuia. Majimbo kadhaa yakatunga sheria za kuibana miji isifanye hivyo.

Ugomvi huo sasa umehamia kwenye ruzuku. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 42.45 kupitia mpango wa kusambaza intaneti uitwao BEAD, na kanuni za kwanza zilipendelea faiba. Mwezi Juni 2025 kanuni zilibadilishwa ili teknolojia zote zishindane kwa gharama, na setilaiti ikanufaika. Ninaelewa hoja ya kuokoa fedha za umma. Lakini faiba ikishazikwa hutumika miongo mingi kwa kubadilisha vifaa vya kwenye ncha zake tu, ilhali setilaiti hizi huishi miaka michache kisha hurushwa nyingine, kwa hiyo hesabu ya mwaka wa kwanza haionyeshi gharama yote.

Kwako wewe, uliza kama kampuni za simu zinauza intaneti ya nyumbani kwa 5G katika anwani yako. T-Mobile na Verizon zimewachukulia kampuni za kebo wateja wengi kwa njia hiyo, na mara nyingi kutaja tu kwamba unahama huishusha bei ya kebo. Uliza pia kuhusu Lifeline, ambayo bado inatoa hadi dola 9.25 kwa mwezi kwa familia zenye kipato kidogo.

Ndugu Mhariri, pole na kazi. Ninafundisha shule ya sekondari wilayani Kondoa. Tunaambiwa Mkongo wa Taifa umepita barabarani, lakini shuleni tunaishi kwa bando la simu. Tungoje faiba, tununue ruta ya 4G, au tungoje setilaiti kama wenzetu wa Kenya?
*Mwalimu, Kondoa*

Ndugu Mwalimu, msingoje. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China na kukabidhiwa TTCL, shirika la simu la umma la Tanzania, kuuendesha, umefanya kazi kubwa ya kuunganisha mikoa na hata kuziuzia uwezo nchi jirani zisizo na bahari. Lakini kupita kwa mkongo barabarani hakumaanishi kwamba unaweza kuchomoka popote. Huchomoka pale penye kituo chenye vifaa na umeme, na kutoka hapo lazima mtu alipie kilomita za kufika shuleni. Kampuni binafsi hazina hamu ya kuzilipia, kwa sababu zimeweka fedha zao hewani: mnada wa masafa ya mawimbi ya simu uliofanywa na TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, mwaka 2022 uliipatia nchi dola milioni 187, na aliyelipa kiasi hicho atataka kwanza kuuza kinachopita kwenye minara yake. Serikali nayo kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote imeweka ruzuku yake huko huko, ikiwamo mikataba ya minara 758 ya vijijini iliyosainiwa mwaka 2023. Minara hiyo inaokoa maisha, siipingi. Ila mnara mmoja hugawana masafa yake na kila simu iliyo karibu, na darasa la wanafunzi arobaini wanaofungua video halitafika mbali kwa bando.

Kuhusu setilaiti, Rwanda, Msumbiji, Kenya na Malawi ziliifungulia Starlink milango mwaka 2023, na Tanzania haikuwamo. Msivushe dishi kutoka ng'ambo ya mpaka. Chombo cha mawasiliano kisicho na kibali kinaweza kutaifishwa, na shule ya umma haiwezi kujitetea katika jambo hilo. Maoni yangu ni kwamba nchi ambayo shirika lake la umma ndilo linaloendesha mkongo na pia kuuza intaneti kwa mwananchi inahitaji mdhibiti anayetangaza wazi bei za mkongo huo kwa kila anayenunua, TTCL ikiwamo, pamoja na masharti ya mgeni yeyote anayetaka kuingia.

Kwa sasa nunueni ruta ya 4G yenye nafasi ya antena ya nje, muifunge antena hiyo juu ya paa ikiuelekea mnara ulio karibu, na masomo ya video yapakuliwe usiku na kuhifadhiwa kwenye kompyuta moja ambayo wanafunzi wataisoma kupitia mtandao wa ndani wa shule. Wakati huo huo, mkuu wa shule aiandikie TTCL akiuliza kituo cha karibu cha mkongo kiko umbali gani na kilomita hizo zitagharimu kiasi gani. Barua hiyo ibebe pia sahihi za zahanati, ofisi ya kata, benki au wakala aliye kwenye barabara hiyo hiyo, kwa sababu mtaro mmoja ukigawanywa kwa walipaji wanne huwa katika uwezo wa halmashauri, na nakala ya barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa.